Nataka kupiga picha ya roketi ikiruka usiku Florida, nisimame wapi na kamera niiwekeje?

Mtoto wa Temeke

Wakuu habari za muda huu. Mwezi wa 12 Mungu akipenda ntakuwa Orlando kwa dada yangu, ntakaa wiki kadhaa, na hii habari ya maroketi nimeipenda tangu nasoma sekondari kwahiyo siwezi kwenda mpaka Florida nikarudi na picha za Disney tu.

Kamera niliyonayo ni Canon ya kawaida, ile ya sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), ina lenzi iliyokuja nayo ya milimita 18-55 na nyingine ya 55-250, namba ndogo inaona eneo pana, kubwa inavuta mbali. Tripodi ninayo, siyo ya gharama ila inasimama. Ninachokitaka zaidi ni ile picha ya usiku ambayo roketi yenyewe haionekani, unaona mstari wa moto umejipinda toka ardhini mpaka unapotelea juu ya bahari. Nimesoma sana ila kila mtu anasema lake, mmoja Titusville mwingine Cocoa Beach, mwingine anasema bila tiketi ya kituo cha anga cha Kennedy hupati kitu, mara lenzi hiyo haifai kabisa. Naomba mnaoishi huko au mliowahi kupiga mniambie nisimame wapi, mipangilio iweje na nisubiri roketi ipi. Dada ana watoto wawili wadogo nao wanataka kuja. Natanguliza shukrani.

Fundi Shata

Karibu sana mkuu. Mi nipo Melbourne, hii ya Florida siyo ya Australia, kusini ya Cape Canaveral wanakorushia roketi, na hii kitu naifanya kwa mapenzi miaka sasa, kwahiyo niruhusu niandike kirefu.

Umeanza na nisimame wapi na kila mtu anaanza hapo, ila kabla ya hapo kuna swali linaloamua yote: hiyo roketi ikishaondoka inaelekea upande gani? Picha ya mstari wa moto inaamuliwa kwenye ramani, kamera inakuja kumalizia tu. Roketi inayopeleka watu au mizigo kwenye kituo cha anga cha kimataifa ikitokea hapa inaelekea kaskazini-mashariki, sambamba na pwani ya Marekani, kwasababu obiti ya kile kituo, yani njia yake ya kuzunguka dunia, imeinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta. Setelaiti za mawasiliano zile za juu ya ikweta zinaondoka mashariki moja kwa moja. Za Starlink, zile setelaiti za intaneti za SpaceX, ndo zinabadilika, leo kaskazini-mashariki kesho kusini-mashariki upande wa Bahamas. Sasa chukua ramani. Titusville ipo magharibi ya pedi, yani jukwaa la kurushia roketi, ng'ambo ya maji ya Indian River. Ukisimama pale umeangalia mashariki, ya kaskazini-mashariki itajipinda kuja kushoto kwako, ya kusini-mashariki itaenda kulia, na ya mashariki moja kwa moja inakukimbia yani inapanda juu afu inashuka palepale mbele yako, upinde unakuwa mwembamba umesimama. Ndo maana watu wawili wanasimama sehemu moja wiki mbili tofauti, mmoja anatoka na upinde umejaa fremu mwingine anatoka na mstari umekatwa juu, afu lawama zote zinaenda kwa lenzi.

Hiyo 18 yako kwenye sensa ndogo siyo pana sana lakini inatosha ukijua jambo moja, kadiri unavyosogea mbali na pedi ndivyo upinde wote unavyoshuka na kuingia kwenye fremu. Kila mtu anakimbilia karibu. Mwenye lenzi nyembamba arudi nyuma! Space View Park pale Titusville ni karibu kilomita 20 mpaka pedi 39A, ileile walioondokea Apollo 11 mwezi wa 7 mwaka 1969, na pedi 40 ambako roketi nyingi za Falcon 9 za SpaceX zinaondokea ni kama kilomita 23. Weka kamera wima, mstari wa maji uwe chini kabisa ya fremu, taa za pedi usiziweke katikati, zisogeze upande mmoja ili kule roketi inakoelekea kubaki na nafasi. Na kama bado una wasiwasi itakatwa basi baki Orlando kwa dada yako, tafuta ziwa ambalo majengo yapo ng'ambo upande wa mashariki. Toka pale ni karibu kilomita 80, upinde mzima unaingia na mji upo mbele yake na maji yanaurudisha mwanga, mi picha hizo nazipenda kuliko za pwani kwasababu zinaonyesha watu wanaishi na hiki kitu juu ya vichwa vyao.

Njia ya roketi usibahatishe. Kuna tovuti inaitwa Flight Club, inachora njia ya roketi, unaweka sehemu utakayosimama inakuonyesha itapita wapi angani na itafika juu kiasi gani. Pembeni fungua programu ya nyota kwenye simu ujue mwezi utakuwa upande upi, maana mwezi mpevu unasaidia kumulika maji na miti ila ukiwa ndani ya fremu kwa dakika nne unakuharibia.

Mipangilio sasa. Kamera kwenye M (we ndo unapanga kila kitu), shata kwenye balbu yani inabaki wazi mpaka uifunge mwenyewe, ISO (wepesi wa kupokea mwanga) 100, apacha, lile tundu la lenzi, kati ya f/11 na f/16, piga RAW, faili ambalo kamera haijalichakata. Falcon 9 inachoma mafuta ya taa pamoja na oksijeni iliyopozwa sana mpaka ikawa kimiminika, na moto wake ni mkali kuliko unavyodhania, ikiwashwa tu unaweza kuona uso wa jirani yako, kwahiyo ukiacha apacha wazi sehemu yote ya chini ya picha inakuwa nyeupe tupu. Zile zenye mabusta (roketi za kusaidia kusukuma mwanzoni) ya fueli yabisi pembeni, kama Vulcan au hiyo SLS ya mwezini, zinawaka zaidi, funga zaidi. Fokasi ifanye mapema kwa mkono, kuza taa ya mbali kwenye kioo cha nyuma mpaka iwe nukta, zima autofokasi, bandika selotepu kwenye pete ya lenzi isisogee. Zima kituliza mtikisiko kwenye lenzi maana upo kwenye tripodi. Na ile sehemu ya kupunguza chenga (vile vinukta vya uchafu kwenye picha) kwenye eksposha ndefu, yani shata ikikaa wazi muda mrefu, nayo izime, la sivyo ukipiga dakika nne kamera inajifungia dakika nne nyingine na huku nje bado kuna vitu vya kupiga.

Nunua rimoti ya waya yenye kufuli. Fungua shata ukiona mwanga wa kwanza, piga kufuli, achana nayo. Kwenye dakika mbili na nusu hivi busta, ile sehemu ya chini ya roketi, inazima injini inaachana na sehemu ya juu, mstari unakatika kidogo, afu injini ya pili inaendelea na uzi mwembamba. Dakika ya tatu au ya nne unafunga. Uzuri wa aina hii ya picha ni kwamba ukishapiga kufuli mikono yako na macho yako ni yako, unaangalia roketi kwa macho tangu mwanzo mpaka mwisho, na wale wa zumu wao wanaiona kupitia kitundu.

Mama Nuru Tampa

Mdogo wangu, Fundi Shata kakumalizia upande wa usiku. Mimi nasema kama unayo nafasi ya kuchagua, subiri ya alfajiri au ya magharibi, ile inayoondoka kama nusu saa mpaka saa moja kabla jua halijachomoza au baada ya kuzama. Hapo chini kwenu ni giza lakini kule juu roketi inapofika jua linaipiga. Sasa hewa kule ni nyembamba sana, moshi wa injini haubanwi na kitu, unatanuka tanuka mpaka unachukua robo ya anga, mweupe una bluu kwa mbali, una kichwa cha mviringo na mikia inaning'inia, watu wanauita yavuyavu na ukiuona huulizi kwanini. Ukiangalia vizuri utaona na busta lenyewe lililoachwa nyuma linajigeuza, linapuliza vijimoshi vidogo vya naitrojeni kushoto kulia, na hapo umesimama ufukweni unaona kwa macho bila kifaa chochote! Mimi nimelia, na sioni aibu kusema.

Kwa picha ya hiyo achana na balbu kabisa. Moshi unasogea, ukipiga ndefu unapata ukungu. Chukua 18-55 yako, apacha wazi kabisa, ISO 800 au 1600, shata kama robo ya sekunde, piga mfululizo huku unaangalia matokeo maana mwanga unabadilika kila sekunde 20. Tripodi lazima.

Kuhusu watoto. Playalinda Beach ndo karibu kuliko kote kwa watu wa kawaida upande wa pedi 39A, chini ya kilomita 10, lakini ile ni hifadhi ya taifa, inafungwa jioni, kwahiyo kwa safari za usiku ifute. Kwa mchana ni nzuri mno ila uwahi, magari yakijaa wanafunga geti. Tiketi za Kennedy zinakusogeza, sehemu ile ya jengo la Saturn V ni kama kilomita 6 kutoka 39A na watoto wana vyoo na chakula, lakini siyo kila safari wanaiuza na wewe kwa picha yako ya upinde huihitaji, tena pale utakuwa karibu mno kwa lenzi yako. Kwa watoto nakushauri Titusville kwenye bustani za kando ya maji. Waambie mapema sauti itachelewa, itaanza mwanga kimya kabisa halafu baada ya karibu dakika nzima ndo mngurumo unafika, unaingia kifuani, wangu mdogo alidhani imelipuka. Sauti inachukua kama sekunde 3 kwa kila kilomita, mpe mtoto mkubwa kazi ya kuhesabu halafu umfundishe kupiga hesabu ya umbali, atakumbuka maisha yake yote.

Dawa ya mbu. Narudia dawa ya mbu, hata Disemba.

Mwana wa Ngomeni

Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi naandika kutoka Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na huu uzi umenifurahisha maana wengi hawajui kwamba roketi zilirushwa hapa kwetu. Majukwaa yale ya Waitaliano yako baharini hadi leo, San Marco lililokuwa la kurushia na Santa Rita lililokuwa la kuongozea mitambo. Setelaiti ya kwanza kuondoka hapa ilikuwa San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967, na ya mwisho ni mwaka 1988. Roketi ilikuwa Scout ya Wamarekani, ngazi nne zote fueli yabisi, mita 20 na ushei tu, na roketi za namna hiyo zikiwaka hazijivuti polepole kama zile kubwa za Florida, zinachomoka. Mpiga picha asiye tayari angebaki na moshi.

Na ile iliyo mashuhuri kuliko zote iliondoka hapa tarehe 12 Disemba 1970, siku ambayo Kenya inasherehekea uhuru wake, na kwa ajili hiyo setelaiti ikapewa jina Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani peke yake, na orodha yake ya mwisho ilifika vyanzo 339. Kwa nini hapa? Kwa sababu tuko karibu na ikweta, kama nyuzi 3 kusini, dunia inapozunguka huku inakupa msukumo wa bure wa karibu kilomita 1,670 kwa saa, na tena walitaka obiti ya juu ya ikweta ili setelaiti isipite kwenye ile sehemu ya Atlantiki ya kusini yenye mnururisho mwingi unaosumbua vipokezi.

Nalisema hili kwa sababu ya picha. Picha za wenye mradi zipo. Ninazozitafuta mimi ni za watu wa hapa, zilizopigwa kutoka ufuoni au kwenye mashua na mtu mwenye kamera yake, mwalimu, padri, mwenye duka, yeyote. Kama kuna mwenye jamaa aliyeishi Malindi, Mambrui au Ngomeni miaka ile na ana albamu kabatini, tafadhali aangalie. Hata kama ni mkia mweupe tu wa moshi juu ya bahari. Watoto wetu wanasoma habari za anga kama mambo ya mbali ilhali ufuo ni huu.

Nasi tulio huku kwa sasa tunapiga tunavyoweza. Setelaiti za Starlink zikiwa bado mpya zinapita angani kwa mstari mmoja, na kituo cha anga kinapita juu yetu jioni nyingi, kwa tripodi na eksposha ya sekunde 20 au 30 unapata mstari safi. Wenzangu wa klabu ya shule walikesha mtandaoni kuiangalia Taifa-1, setelaiti ya Kenya, iliyorushwa na Falcon 9 kutoka Vandenberg, California. Kwetu ilikuwa tarehe 15 Aprili 2023 saa 3:48 asubuhi, kule California bado ni tarehe 14 saa 5:48 usiku.

Mtoto wa Temeke

Aisee nimesoma mara mbili mbili. Mwana wa Ngomeni hilo la Malindi nilikuwa nalijua juu juu tu, ntamuuliza mzee mmoja jirani yetu alifanya kazi ya meli Mombasa miaka hiyo. Mama Nuru shikamoo na asante, dawa ya mbu nimeandika.

Maswali yamebaki. Hizo tarehe nazoona kwenye ratiba zinabadilika kila siku, niliweka alama ya moja saivi imesogezwa mara mbili, sasa nipangeje safari? Dada hana kamera ana simu tu, naye anataka apate kitu. Hii 55-250 niiache nyumbani? Na zile picha za karibu kabisa ambazo unaona mpaka skrubu za injini zinapigwaje, kuna mtu anasimama pale??

Saa Sifuri

Kuhusu ratiba kaka jizoeshe. Tarehe yenye NET mbele yake maana yake siyo kabla ya hapo, haina ahadi zaidi ya hiyo. Artemis I, safari ya kwanza ya ile SLS ya mwezini, watu walisafiri kutoka duniani kote kwa ajili ya tarehe 29 Agosti 2022, ikasitishwa kwa shida ya kupoza injini, wakakaa mpaka tarehe 3 Septemba, haidrojeni ikavuja, ikaja habari ya kimbunga ikarudishwa ndani ya jengo, ikaruka tarehe 16 Novemba saa 7:47 usiku. Waliokuwepo usiku ule wanakwambia mchana ulirudi. Kwahiyo usikate tiketi ya ndege kwa ajili ya roketi moja, kata kwa ajili ya muda. We una wiki kadhaa, umekaa vizuri sana, mwaka 2024 pekee ziliruka zaidi ya 90 kutoka pwani ile, hutakosa.

Na angalia saa. Ratiba nyingi zinaandikwa UTC, ile saa ya kimataifa. Disemba Florida ipo nyuma ya UTC kwa saa 5, ukiona 02:00 UTC tarehe 10 kule ni saa 3 usiku ya tarehe 9, siyo ya 10. Watu wanafika ufukweni siku imeshapita.

Hali ya hewa ndo panapochanganya zaidi. Jeshi la anga za juu la Marekani (Space Force) pale wana kikosi cha hali ya hewa, cha 45, wanatoa asilimia kabla ya kila safari. Ukiona asilimia 80 usidhani ni uhakika wa kuiona. Ile ni uwezekano wa hewa kutovunja sheria za kurusha, na sheria hizo zinajali sana umeme na upepo, wingu jembamba la chini haliwazuii. Roketi inaruka, we unasikia sauti tu na wingu linawaka rangi ya chungwa. Kwahiyo fungua picha ya setelaiti ya mawingu mwenyewe saa mbili kabla, uangalie upande unaosimama na upande roketi inakoelekea. Sheria zenyewe usizilaumu hata kidogo, Apollo 12, ya kwenda mwezini na watu watatu, tarehe 14 Novemba 1969 ilipigwa na radi mara mbili, sekunde ya 36 na sekunde ya 52, na radi ile ilivutwa na roketi yenyewe na mkia wake wa moshi ndani ya wingu ambalo lilikuwa limetulia. Wale watu watatu walipona.

Kwa Falcon 9 sikiliza dakika ya 35 kabla ya kuruka, hapo ndo wanaanza kujaza mafuta. Yanajazwa yakiwa ya baridi sana, yakikaa yanapata joto, kwahiyo ikisimama dakika za mwisho mara nyingi siku hiyo imeisha. Kabla ya dakika 35 usianze hata kutoa kamera kwenye begi kama kuna umande.

Simu ya dada: aweke kwenye kitu, asishike mkononi. Achague video siyo picha, agonge skrini kwenye taa za mbali na kushikilia mpaka fokasi na mwanga vijifunge, afu ateleze kidole chini apunguze mwanga sana mpaka skrini ionekane nyeusi karibu yote. Moto ukija utakuwa sawasawa. Wasipofanya hivyo wanapata doa jeupe. Na aiachie simu irekodi sauti za watu, sauti za watu ndo zitakazofanya airudie hiyo video baada ya miaka.

Droni usithubutu, anga linafungwa.

Bandarini Kila Jumamosi

Hiyo 55-250 usiache mkuu, nakuomba!! Kuna nusu nzima ya hobi hii hakuna aliyeigusa. Busta nyingi za Falcon 9 zinatua baharini juu ya meli isiyo na mtu, na baada ya siku chache meli inavutwa inaingia nalo Port Canaveral, limesimama wima, zaidi ya mita 40, limejaa masizi. Linapita kwenye mkondo pale Jetty Park, karibu kabisa, unasimama kwenye gati unaliona mguu kwa mguu. Mchana kweupe, hakuna presha ya sekunde, 250 yako inatosha na inabaki, f/8, shata 1/500, unapiga mpaka unachoka. Ukikuza unaona alama za kila safari lililokwenda, sehemu nyeupe zilizobaki pale barafu ya tangi ilipozuia masizi yasishike. Mimi nikiulizwa picha ipi inaeleza zama hizi za roketi siku hizi nasema ni ile, chombo kimeenda ukingo wa anga na kimerudi na uchafu wa safari, na wavuvi wapo pembeni wanatupa ndoano. Kiingilio cha gari kipo. Meli zenyewe zinafuatiliwa kwenye programu za meli kwenye simu, utajua inaingia saa ngapi.

Siku ambayo busta linarudi nchi kavu badala ya baharini, huko Jetty Park ndo pa kusimama na siyo Titusville, hapo simwungi mkono mtu yeyote. Dakika kama 8 baada ya kuruka linashuka, injini inawaka mara ya mwisho, linagusa ardhi, na baada ya hapo ndo milipuko ya kupita mwendo wa sauti inakufikia, inapiga mfululizo mpaka vioo vya magari vinatetemeka. Watoto wazibe masikio. Usiku unaweza kupata mistari miwili kwenye fremu moja, wa kupanda na wa kushuka, ukiwa na lenzi pana kuliko hiyo yako, au ukipiga fremu mbili bila kugusa tripodi ukaziunganisha nyumbani.

Zile za karibu kabisa hakuna mtu pale. Ni kamera zimeachwa zenyewe, waandishi wenye kibali wanapelekwa kwa basi siku moja kabla, wanazifunga kwenye tripodi zilizopigiliwa chini na mifuko ya plastiki kuzuia mvua, zina kifaa kinachosikiliza, injini ikinguruma kinabonyeza shata chenyewe. Bill Ingalls wa NASA mwaka 2018 kule Vandenberg kamera yake moja iliyeyuka kabisa, na siyo moto wa roketi, kurusha kuliwasha majani na moto wa nyika ukaifikia, tena ndo iliyokuwa mbali zaidi, zilizokuwa karibu zilipona. Kadi ya kumbukumbu ilibaki nzima, picha zikatoka mpaka ile ya moto unakuja.

Fundi Shata

Bandarini kwenye hilo la Jetty Park upo sahihi kwa busta inayorudi, ila kwa upinde wa Starlink ya kusini-mashariki mwenye 18 asiende pale, itampita juu na kutoka kwenye fremu ndani ya dakika moja. Arudi Titusville au Orlando kama nilivyosema.

Mtoto wa Temeke kwako nimalizie la umande. Usiku wa Disemba kando ya yale maji unyevu ni mwingi, kioo cha mbele cha lenzi kinapoa, na saa moja ya kusubiri inatosha kukifunika ukungu bila we kujua maana ni giza. Nunua vile vipakti vya kupasha mikono vya kwenye maduka ya kambi, funga kimoja na rababendi kuzunguka lenzi, karibu na mbele, mapema kabla ukungu haujaanza, siyo baadae. Betri ya akiba iwe mfukoni mwako kwenye joto la mwili. Dakika 10 kabla ya muda mulika kioo kwa tochi ya simu kwa ubavu, kama ni safi zima tochi na usiiwashe tena, mna watu kumi pembeni yenu wana kamera zimefunguka. Ukishajua tarehe zako za kufika niandikie hapa, ntakuangalizia safari zilizopo na mwelekeo wa kila moja.